Omba Uonyeshwe Chupa: Kinywaji Kisicho na Gluteni Kwenye Baa za Ugenini

Mwenye ugonjwa wa siliaki hupanga chakula cha safari kabla hajafunga begi. Mkate anaujua, tambi anazijua, mchuzi uliokolezwa kwa unga wa ngano amejifunza kuuulizia. Kinywaji ndicho kinachowaponyoka wengi, kwa sababu bia ikishamiminwa kwenye glasi haifanani tena na nafaka. Ilhali bia ya kawaida inatokana na nafaka moja kwa moja: shayiri huloweshwa ikaota, ikakaushwa ikawa kimea, kimea kikakorogwa kwenye maji ya moto, kisha kikachachushwa kwa hamira. Gluteni ya shayiri hupungua njiani lakini haiishi, na utumbo wa mgonjwa hauhitaji nyingi ili uumie.

Mwongozo huu ni wako wewe mwanafunzi uliyealikwa na wenzako baada ya kipindi huko Leeds, wewe muuguzi unayemaliza zamu Birmingham, wewe mfanyabiashara unayekaribishwa chakula cha usiku Guangzhou. Ni wako pia usiyegusa kileo kabisa, maana vinywaji vya kimea na zile zinazoitwa bia zisizo na kileo zina shayiri ile ile.

Shika kwanza jambo moja. Usitegemee jina la kinywaji, wala neno la mhudumu peke yake. Omba uonyeshwe chupa au kopo, usome kimetengenezwa kwa nini. Jina lile lile hubeba mapishi tofauti kutoka nchi hadi nchi, na hata maneno "haina gluteni" hayana maana moja kisheria London, Chicago na Sydney.

SANDUKU: Kama bado hujapimwa

Ukila ngano mwili ukakusumbua lakini hujapimwa siliaki, usikimbilie kuacha gluteni. Kipimo cha damu na uchunguzi wa utumbo kwa kamera husoma jinsi mwili unavyoipokea gluteni unayokula. Ukiiacha kabla ya kupimwa, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa ungalipo. Mwone daktari ukiwa bado unakula kama kawaida. Inakadiriwa kwamba takriban mtu 1 kati ya 100 duniani ana siliaki, na wengi wao hawajui. Mzio wa ngano ni ugonjwa mwingine wenye hatari zake na masharti yake. Mwenye mzio huo afuate maelekezo ya daktari wake, si ya mwongozo huu.

Kwa nini baa ni ngumu kuliko mgahawa

Dukani unashika bidhaa mkononi na kusoma. Mgahawani unaweza kumwita mpishi. Kwenye baa, mtu mwingine anakumiminia kinywaji kutoka kwenye bomba usiloliona linakotoka, muziki uko juu, nyuma yako kuna foleni, na mhudumu mara nyingi ni kijana wa kazi ya muda ambaye hakufundishwa tofauti kati ya ngano na shayiri. Ukimuuliza "hii ina ngano?" atakujibu kwa nia njema kabisa kwamba haina. Atakuwa amesema kweli, nawe utakuwa umekunywa shayiri.

Halafu kuna suala la wingi. Kipimo kinachotumika Ulaya na nchi nyingine nyingi ni kwamba kitu kiitwacho hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kwa kipande cha biskuti hiyo ni chembe tu. Bia hainywewi kwa vipande. Painti ya Uingereza ni mililita 568, kwa hiyo bia iliyofika ukingoni mwa kipimo hicho itakupa takriban miligramu 11 kwa glasi moja, na glasi tatu zitakupa kama 34. Watafiti wa Italia waliochapisha kazi yao mwaka 2007 waliona utumbo wa wagonjwa ukidhurika kwa miligramu 50 kila siku kwa muda wa siku 90. Bia nyingi zilizoidhinishwa hupimwa zikawa chini sana ya 20, kwa hiyo hesabu hii isikutie hofu. Ikukumbushe tu kwamba idadi ya glasi nayo ni sehemu ya usalama wako, hasa kama siku hiyo umekula pia mikate na keki za "bila gluteni".

Kilichomo ndani ya glasi

*Salama kwa asili yake*

Mvinyo wa zabibu, mweupe, mwekundu au wenye povu, hauna nafaka. Saida ya tufaha vilevile. Kama umewahi kunywa Savanna ya Afrika Kusini, unajua aina yenyewe. Ireland saida ya Clonmel huuzwa kwa jina la Bulmers, na nje ya Ireland kwa jina la Magners. Uingereza kila baa ina saida ya aina fulani, na kwa mgeni mwenye siliaki ndicho kinywaji rahisi kuagiza bila maelezo mengi. Kichukue cha chupa.

Pombe kali zilizokenekwa nazo ni salama, hata zile zilizoanza na ngano au shayiri. Hapa watu hubishana sana, basi tueleze sababu. Katika kukeneka, pombe huchemshwa, mvuke wake ukapanda na kupozwa kando. Protini ni nzito mno kupanda na mvuke, hubaki chini pamoja na masalia. Ndiyo maana sheria ya Ulaya haidai wiski itangaze shayiri yake kama kizio, yaani kitu kinachoweza kuleta mzio. Jini, vodka, wiski, ramu, tekila, hata Konyagi ya nyumbani, zote ziko kundi hili. Angalizo ni kwa pombe zilizotiwa ladha au krimu baada ya kukenekwa: kilichoongezwa mwishoni hakikupitia mvuke, kwa hiyo soma chupa.

Soda za kawaida, maji ya toniki, juisi ya matunda na soda ya tangawizi kwa kawaida hazina tatizo.

*Uliza kwanza*

- Vinywaji vitamu vya kopo vilivyochanganywa kiwandani. Smirnoff Ice ni mfano mzuri: Uingereza hutengenezwa kwa vodka, Marekani kwa kimea.
- Tangawizi yenye kileo. Nyingine huchachushwa kwa sukari, nyingine huanza na kimea.
- Kokteli ya nyanya iitwayo Bloody Mary. Sosi ya Worcestershire ya Lea & Perrins inayouzwa Uingereza hutumia siki ya kimea cha shayiri; ya Marekani hutumia siki nyeupe. Matone yanayoingia ni machache na wagonjwa wengi huyavumilia, lakini ujue yapo.
- Kokteli yoyote usiyoijua. Baadhi humaliziwa kwa bia juu.

*Acha*

- Bia zote za kawaida, nyeupe na nyeusi, Guinness ikiwemo. Bia zinazotajwa kuwa "za mchele" au "za mahindi", mfano Budweiser na Corona, bado zina kimea cha shayiri.
- Bia isiyo na kileo, yaani zile za 0.0. Kilichotolewa ni kileo, shayiri imebaki.
- Bia iliyochanganywa: shandi ya Waingereza, Radler ya Wajerumani, panaché ya Wafaransa, clara ya Wahispania. Uingereza kuna pia snakebite, ambayo ni saida na bia glasi moja. Wewe uliyeagiza saida ukaletewa hiyo, irudishe.
- Maji ya shayiri yenye ladha ya limau, kinywaji cha zamani cha Waingereza ambacho Robinsons hutengeneza. Hukaa rafu moja na juisi, na mtu humpa mgeni asiyekunywa pombe akidhani anamtendea wema.
- Horlicks, Ovaltine na Milo. Vyote vina kimea.

Bia "isiyo na gluteni" ina sura mbili

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wasafiri wengi wanapokosea wakiwa wamejitahidi kabisa kuwa waangalifu.

Sura ya kwanza ni bia isiyowahi kukutana na gluteni. Imepikwa kwa mtama, ulezi, uwele, mchele, mahindi au buckwheat, ambayo licha ya jina lake la Kiingereza haina undugu na ngano. Nafaka hizi tunazijua vizuri. Mtama unaosagwa kwa uji Dodoma na Busia ndio ulioiokoa bia ya wagonjwa wa Marekani: Anheuser-Busch walipotoa Redbridge mwaka 2006, waliipika kwa mtama. Montréal kuna kiwanda cha Glutenberg, Seattle kuna Ghostfish, na vyote viwili hupika bia zao kwa nafaka zisizo na gluteni. Ukiikuta bia ya namna hii, ichague kwanza.

Sura ya pili ni bia ya shayiri iliyotibiwa. Hupikwa kama bia yoyote, kisha hutiwa kimeng'enya kinachotokana na ukungu uitwao Aspergillus niger. Watengenezaji bia walikichukua mwanzoni ili bia isipoteze uangavu inapopozwa, ndipo ikaonekana kwamba kinaikata gluteni katika vipande vidogo vidogo. Daura ya kampuni ya Damm, Barcelona, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, ni ya namna hii. Kampuni yenyewe husema gluteni yake haifiki miligramu 3 kwa kilo. Peroni isiyo na gluteni nayo ni ya shayiri. Ndiyo maana unaweza kushika chupa iliyoandikwa mbele kuwa haina gluteni, ukaigeuza nyuma ukakuta imetajwa shayiri kwa herufi nzito. Maneno yote mawili ni ya kweli kwa sheria ya Ulaya: imetoka kwenye shayiri, na imepimwa ikawa chini ya 20.

Je, ni salama? Wagonjwa wengi Ulaya huinywa miaka nenda rudi, na vyama vya wagonjwa vya huko huikubali ikiwa imepimwa na kuidhinishwa. Upande wa pili, gluteni iliyokatwa vipande ni ngumu kupimwa kwa uhakika, kwa kuwa vipimo vya kawaida vilibuniwa kwa ajili ya protini nzima. Utafiti uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2017 ulitumia damu ya wagonjwa: damu ya wachache iliitikia bia iliyotibiwa, lakini haikuitikia bia iliyotengenezwa kwa nafaka salama tangu mwanzo.

Msimamo wangu ni huu. Kama ugonjwa wako umegunduliwa karibuni, au bado una upungufu wa damu na utumbo haujapona, iache bia ya shayiri iliyotibiwa mpaka vipimo vyako vitulie na uwe umezungumza na daktari. Kama utumbo umepona na unataka kuijaribu, ijaribu nyumbani au hotelini siku usiyo na safari kesho yake, glasi moja. Usiijaribu kwa mara ya kwanza katikati ya karamu, wala usiku wa kuamkia ndege.

Nchi kwa nchi

*Uingereza na Ireland.* Hapa sheria iko upande wako. Tangu Desemba 2014, kila anayeuza chakula au kinywaji, baa ikiwemo, lazima aweze kukueleza kama bidhaa ina mojawapo ya vizio 14 vilivyotajwa, na nafaka zenye gluteni zimo katika orodha hiyo. Chupa ya bia haidaiwi kuandika viungo vyote, lakini shayiri na ngano lazima zitajwe. Kwa hiyo unapouliza kaunta, huombi hisani. Baa nyingi zina daftari la vizio au orodha kwenye simu, liombe. Daura na Peroni isiyo na gluteni hupatikana mara kwa mara kwenye friji nyuma ya kaunta hata pale zisipotajwa kwenye menyu, na viwanda vidogo kama Brass Castle cha Malton, Yorkshire, hutengeneza bia zilizoidhinishwa. Tafuta pia alama ya suke la ngano lililokatwa kwa mstari.

Bia za kienyeji za pipa, zile zinazovutwa kwa mkono kaunta, ziache, isipokuwa pipa lenyewe limeandikwa kuwa limepimwa.

*Hispania na Italia.* Ukiweza kuchagua pa kwenda, nenda huko. Hispania neno la kutafuta ni *sin gluten*, na hata baa ndogo ya mtaani inaweza kuwa na chupa ya Daura, Mahou, Estrella Galicia au Ambar ya aina hiyo. Asturias, kaskazini, saida ndiyo kinywaji cha wenyeji. Italia chama cha wagonjwa, AIC, kilianzishwa mwaka 1979, na wahudumu wengi wanaujua ugonjwa kwa jina.

*Ujerumani.* Nchi ya bia, na bia yake imefungwa na kanuni ya usafi ya mwaka 1516 iliyotaja shayiri, maji na hopsi. Bia za ngano ziitwazo Weizen ndizo mbaya zaidi kwako. Kampuni ya Neumarkter Lammsbräu hutoa bia iliyoandikwa *glutenfrei*. Ukiwa Frankfurt, vuka mto hadi Sachsenhausen uagize Apfelwein, mvinyo wa tufaha unaomiminwa kutoka kwenye gudulia la kijivu lenye michoro ya buluu. Huko wewe na wenyeji mtakunywa kitu kimoja bila maswali.

*Ubelgiji.* Angalia bia za matunda. Kriek ni nyekundu, tamu, inanukia cheri, na mgeni huichukulia kama saida. Hiyo ni bia ya aina iitwayo lambic, nayo hupikwa kwa shayiri pamoja na ngano mbichi.

*Marekani.* Sheria za huko zimegawanyika vibaya kwa mgonjwa. Sheria ya vizio inaitaja ngano, shayiri haimo. Tena bia ya kimea cha shayiri iko chini ya idara nyingine ya serikali ambayo haiilazimishi kutaja vizio kabisa. Chupa inaweza kunyamaza kimya. Kwa upande mwingine, maneno yenyewe ya "haina gluteni" ni makali kuliko ya Ulaya: kwa kanuni ya mwaka 2020, kinywaji kilichochachushwa hakiwezi kuitwa hivyo kama nafaka zake zilikuwa na gluteni kabla ya kuchachushwa. Bia ya shayiri iliyotibiwa huandikwa tu kwamba imetengenezwa ili kuondoa gluteni, pamoja na onyo kwamba kiasi kilichobaki hakiwezi kuthibitishwa. Omission ya Portland iko kundi hilo. Daura uliyoizoea Barcelona, ukiikuta New York, itakuwa imebadilishiwa maneno.

*Australia na New Zealand.* Huko kanuni ni kwamba gluteni isionekane kabisa kwenye kipimo, na kimea cha nafaka zenye gluteni kisiwemo. Kwa hiyo bia iliyoandikwa hivyo Melbourne, mfano O'Brien, ni ya nafaka salama tangu mwanzo.

*Oman, Saudia na nchi za Ghuba.* Wasafiri wengi wa kwetu hawaendi huko baa, ila mtego upo kwenye friji ya duka na meza ya futari. Barbican na Moussy ni vinywaji vya kimea cha shayiri visivyo na kileo, vyenye ladha za matunda kama komamanga, na hugawiwa kama soda. Mahujaji wenye siliaki wajihadhari navyo. Kahawa ya iliki, laban, chai na juisi zinatosha.

*China.* Baijiu, pombe kali ya huko ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na mtama, hukenekwa, kwa hiyo iko kundi la salama. Mvinyo wa mchele wa Shaoxing haukenekwi, na chachu yake hutengenezwa kwa ngano. Jina la mchele lisikudanganye.

*Japani na Korea.* Maji ya kahawia yanayowekwa mezani bure mara nyingi ni chai ya shayiri iliyokaangwa: mugicha Japani, boricha Korea. Omba maji ya kawaida.

Kaunta, hatua kwa hatua

1. Fika mapema. Saa kumi na moja jioni mhudumu ana nafasi ya kufungua friji na kukuonyesha. Saa tatu usiku hana.
2. Taja ugonjwa, usitaje upendeleo. Ukisema "sipendi gluteni" utahudumiwa kama mtu wa mitindo. Sema una siliaki na kwamba kinywaji kitakuumiza.
3. Taja nafaka kwa majina: shayiri, ngano, rai (rye), kimea. Usiishie kwenye neno gluteni.
4. Uliza "mna kitu gani cha chupa au kopo?" badala ya "hii ina gluteni?" Swali la pili humpa mhudumu nafasi ya kubahatisha.
5. Omba chupa kabla haijafunguliwa. Soma mbele na nyuma. Tafuta alama ya suke lililokatwa, kisha tazama nafaka zilizotajwa.
6. Omba glasi safi iliyokauka, au kunywa kwenye chupa. Glasi iliyosuuzwa haraka baada ya bia ya ngano haifai.
7. Kama ni kokteli, omba kikorogeo kioshwe, na umtazame mchanganyaji akimimina.
8. Raundi ya pili, rudia hatua ya tano. Zamu ya wahudumu hubadilika, na friji huishiwa. Mhudumu mpya anaweza kukupa chupa ya jina lile lile ya aina ya kawaida. Peroni mbili hizo hufanana sana kwenye mwanga hafifu.

Kuhusu raundi, neno moja zaidi. Waingereza hununuliana kwa zamu, na anayekwenda kaunta hukumbuka majina ya vinywaji sita kwa kichwa. Kwetu pia kukataa glasi uliyoletewa ni kama kumkataa aliyeileta, na wengi wetu tumelelewa tusiseme hapana mbele ya mwenyeji. Sema mapema, kabla glasi haijaletwa: "Yangu nitaifuata mwenyewe." Zamu yako ikifika, wanunulie wote. Hakuna atakayekuona mchoyo.

Makosa yanayorudiwa

- Kuuliza ngano pekee. Kwenye bia, adui mkubwa ni shayiri.
- Kudhani bia nyepesi au ya bei rahisi ina gluteni kidogo, kwa hiyo haidhuru.
- Kupima usalama kwa tumbo. Wagonjwa wengine hawaumwi chochote huku utumbo ukiendelea kuharibika. Kutoumwa jana hakuthibitishi kitu.
- Kuchukua saida ya bomba ilhali ya chupa ipo. Bomba linaweza kuwa lilipitisha bia wiki iliyopita.
- Kusahau vitafunio. Baadhi ya karanga kavu zilizokolezwa za baa za Uingereza zina unga wa ngano, na chipsi mara nyingi hukaangwa kwenye mafuta yale yale ya samaki waliovikwa unga. Uliza kama kuna kikaangio cha peke yake.
- Kunywa pombe kwenye tumbo tupu kwa sababu chakula salama hakikupatikana. Beba kitu cha kula: njugu zako, korosho, ndizi kavu.

Kadi ya kubeba

Nakili sentensi ya nchi uendako, uiweke kwenye simu kwa herufi kubwa. Kelele zikizidi, onyesha skrini.

Kiingereza: *I have coeliac disease. I can't have barley, wheat, rye or malt. May I see the bottle, please?*

Kihispania: *Soy celíaco. ¿Tienen cerveza sin gluten? ¿Puedo ver la botella?* Mwanamke aseme *celíaca*. Nafaka za kutafuta: cebada, trigo, centeno.

Kijerumani: *Ich habe Zöliakie. Haben Sie glutenfreies Bier? Kann ich die Flasche sehen?* Nafaka: Gerste, Weizen, Roggen.

Kifaransa: *Je suis cœliaque. Avez-vous une bière sans gluten ? Puis-je voir la bouteille ?* Nafaka: orge, blé, seigle.

Kiitaliano: *Sono celiaco. Avete una birra senza glutine? Posso vedere la bottiglia?* Mwanamke aseme *celiaca*. Nafaka: orzo, frumento, segale.

Kagua kabla ya kutoka

☐ Nimeshatafuta jina la bia au saida moja salama inayouzwa mji huu
☐ Nimeipigia baa simu, au nimesoma orodha yao ya vizio
☐ Nina kadi ya lugha ya hapa kwenye simu
☐ Nimekula, au nina chakula changu
☐ Mwenzangu mmoja mezani anajua hali yangu na anajua maana yake
☐ Nina kinywaji cha akiba ninachokikubali bila kuuliza: mvinyo, jini na toniki, soda

Ukinywa kwa bahati mbaya

Acha kunywa mara tu unapojua. Hakuna dawa ya kuifuta gluteni iliyokwisha kuingia, na vidonge vinavyouzwa kwa ahadi ya kuimeng'enya visikupe ujasiri wa kuendelea. Kunywa maji ya kutosha, kula vyakula laini unavyovijua, na upumzike. Dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache au zikachelewa hadi kesho yake: kuhara, kutapika, tumbo kujaa, uchovu mzito, kuumwa kichwa. Ukitapika au kuhara mfululizo hadi unaishiwa maji, au ukaona damu, nenda hospitali usiku huo huo na uwaeleze kwamba una siliaki. Ukivimba uso au kubanwa pumzi, hiyo ni dalili ya mzio. Piga simu ya dharura papo hapo, 999 au 112 Uingereza, 112 nchi za Umoja wa Ulaya, 911 Marekani.

Piga picha ya chupa pande zote mbili, hifadhi risiti, andika saa. Mwambie meneja wa baa kwa utulivu, siku inayofuata kama usiku huo huwezi. Uingereza, kama uliambiwa wazi kwamba kinywaji ni salama na hakikuwa, unaweza kuripoti kwa idara ya usalama wa chakula ya halmashauri ya eneo hilo. Picha na risiti ndivyo vitakavyowasaidia kufuatilia.